Mzungu Aliyekuja Kufunga Duka

Shosho, yaani nyanya yangu, hakuwa na neno zuri juu ya gavana yeyote wa Kizungu isipokuwa mmoja, na hata huyo jina lake hakulijua. Alimwita "yule mfupi aliyekuja kufunga duka". Nikiwa mtoto nilidhani ni duka kweli, la Mhindi pengine, huko Ol Kalou. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba duka lenyewe lilikuwa Koloni la Kenya, na mfupi mwenyewe ni Malcolm MacDonald, aliyeingia Nairobi Januari 1963 na kufikia tarehe 12 Desemba mwaka huohuo bendera ya Malkia ikawa imeshuka.

Nilianza kumsoma kwa ajili ya shosho. Nilitaka tu kujua huyu bwana alifanya nini hata mwanamke aliyefungiwa kijijini miaka mitano na serikali ya Kiingereza akamwekea nafasi ndogo moyoni. Nikaingia na sikutoka haraka. Maana nilikuta kwamba Kenya halikuwa duka la kwanza. Mtu huyu kazi yake ya maisha, ukiipanga kwa miaka, ilikuwa kutumwa mahali ambapo Uingereza imeshaona haiwezi kuendelea, akae na wenyeji, acheke nao, kisha akabidhi funguo.

Alizaliwa Agosti 1901 Lossiemouth, mji wa wavuvi kaskazini mwa Scotland. Baba yake, Ramsay MacDonald, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa mtumishi wa shambani, na ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa chama cha Labour mwaka 1924. Mama alifariki 1911, Malcolm akiwa na miaka kumi tu. Alisoma Oxford, akaingia Bunge mwaka 1929 kwa kiti cha Bassetlaw akiwa na miaka 27. Ungesema mtoto wa mkubwa amepandishwa ngazi na baba, na hutakuwa umekosea sana. Lakini ngazi hiyo ilivunjika mapema. Mwaka 1931, uchumi ukiwa umelala chini, Ramsay aliacha wenzake wa Labour akaunda serikali ya pamoja na Wahafidhina. Chama kikamfukuza. Kwa watu waliompigia kura, jina MacDonald likawa ni tusi.

Malcolm alibaki na baba. Sijui kama aliamini siasa zile au aliamini mzee tu; kwetu watu wengi wangefanya vivyo hivyo na wasiulizwe. Uchaguzi wa 1935 wote wawili wakaangushwa siku moja. Malcolm akarudi Februari 1936 kwa uchaguzi mdogo wa Ross na Cromarty, huko nyanda za juu za Scotland, na mmoja wa aliowashinda ni Randolph, mwana wa Winston Churchill. Kumbuka hilo, maana Churchill mkubwa hakumpenda kijana huyu, na sababu ziliongezeka.

Sababu ya kwanza ilikuwa Ireland. Kufikia hapo Malcolm alikuwa waziri tayari, aliingia baraza la mawaziri kabla hajafika miaka 34. Mwaka 1938, akiwa Waziri wa Dola za Jumuiya, yaani nchi zilizojitawala ndani ya himaya, alikaa mezani na Éamon de Valera, kiongozi wa Ireland, ambaye Waingereza wengi walimwona kama sisi tulivyoambiwa tumwone Dedan Kimathi wa Mau Mau. Ugomvi wao wa kibiashara ulikuwa umeenda miaka sita. Makubaliano yaliyotoka Aprili 1938 yaliipa Ireland bandari tatu ambazo jeshi la majini la Uingereza lilikuwa bado linazishikilia: Cobh, Berehaven na Lough Swilly. Ireland nayo ikalipa pauni milioni 10 kufunga madeni ya ardhi.

Nisimame hapo kidogo. Madeni ya ardhi. Wakulima wa Ireland walikopeshwa na serikali ya Uingereza ili wanunue mashamba kutoka kwa mabwana wenye ardhi, kisha wakalipa kila mwaka, hata baada ya nchi kujitawala. Mtu wa Nyandarua akisoma sentensi hiyo anajisikia nyumbani. Nitarudi.

Churchill alisimama Bungeni akalaani kuachiwa kwa bandari zile. Vita vilipokuja, nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli Atlantiki, alizidi kukasirika. Juni 1940 serikali ikamtuma Malcolm huyohuyo arudi Dublin, na safari hii mfukoni alikuwa na zawadi kubwa: Uingereza itakubali Ireland iwe moja, mradi iingie vitani. De Valera alikataa. Hakuwa mjinga, watu wa Ireland ya Kaskazini hawakuwa wameulizwa, na hundi ya mtu ambaye hakuweka sahihi haipelekwi benki.

Kati ya safari hizo mbili kuna ukurasa wa maisha yake ambao siwezi kuusoma kwa wepesi. Mei 1939, akiwa Waziri wa Makoloni, ndiye aliyetoa Waraka Mweupe juu ya Palestina. Ulisema Wayahudi 75,000 wataruhusiwa kuingia kwa muda wa miaka mitano, baada ya hapo wakiingia ni kwa ridhaa ya Waarabu, na nchi iwe huru ndani ya miaka kumi. Kabla ya hapo viongozi wa Kizayuni walimhesabu kuwa rafiki yao London. Walimwona msaliti, neno lilelile alilobeba baba yake. Viongozi wa Waarabu nao wakaukataa waraka, wakiona miaka kumi ni ahadi ya mkopaji. Na kalenda inasema tuko 1939: watu wanakimbia Hitler, kila nchi inafunga mlango, na huku mtu mpole mwenye tabasamu anahesabu vyeti vya kuingilia. Wanaomtetea husema vita vilikuwa vinakuja na Uingereza ilihitaji utulivu kwa Waarabu. Hesabu hiyo naielewa. Bado ni hesabu.

Mwaka uliofuata alipitisha Bungeni sheria ya maendeleo ya makoloni, pauni milioni 5 kwa mwaka, mara ya kwanza Uingereza kukubali kwamba koloni si lazima lijilipie kila kitu. Ilikuja baada ya migomo na ghasia za Karibiani, si kwa sababu mtu aliota ndoto nzuri. Kisha akawa Waziri wa Afya kwa muda mfupi wakati London inapigwa mabomu, na mwaka 1941 Churchill akampeleka Kanada kuwa balozi. Mbali kabisa. Ukiwa unajua siasa zetu, unajua maana ya kupewa ubalozi.

Ila huyu hakununa. Huko Ottawa alikuwa anaamka alfajiri, anavuka mto kwa mtumbwi hadi kijito kimoja upande wa pili, anahesabu ndege, kisha anarudi kuoga na kuendesha vita. Aliandika kitabu kizima juu ya ndege wa kijito kile. Baadaye akaandika juu ya ndege wa bustani yake Delhi, na alipokuja kwetu akaandika juu ya wanyama na ndege wa Kenya. Ni tabia inayonifanya nimpende licha ya mengine yote. Mtu anayeweza kukaa kimya saa nzima akitazama ndege anaweza pia kukaa kimya mwenzake akiongea, na hicho ndicho kipaji ambacho serikali tano au sita zilikuwa zinamlipa.

Hakurudi tena kwenye siasa za Bunge. Kuanzia 1946 alikuwa Gavana Jenerali wa Malaya, Singapore na Borneo, baadaye Kamishna Jenerali wa Asia ya Kusini Mashariki yote hadi 1955. Akavua tai. Akawa anawaalika Wachina, Wamalei na Wahindi nyumbani kwake, jambo ambalo Wazungu wa vilabu vya Singapore hawakulizoea. Borneo alipanda mito mpaka kwenye nyumba ndefu za Waiban, kabila la huko, akafanya urafiki na Temenggong Koh, mzee aliyechorwa mwili mzima. Alikuwa pia na mchezo wake mmoja ambao kila anayemkumbuka lazima autaje: alijua kutembea kwa mikono, miguu juu, na hakuona haya kuufanya mbele ya wageni. Hebu mpige picha Sir Evelyn Baring, gavana wetu wa hali ya hatari, akifanya hivyo.

Lakini Malaya hiyohiyo mwaka 1948 ilitangaziwa hali ya hatari dhidi ya wakomunisti, na jibu la Waingereza, pamoja na mabomu, lilikuwa kuhamisha watu karibu nusu milioni, wengi wao Wachina maskini waliokuwa wakilima pembezoni mwa msitu, na kuwaweka kwenye vijiji vipya vyenye uzio na walinzi. Wazo ni kukausha maji ili samaki afe. Wazo hilo likasafiri. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiendelea, likafika Mlima Kenya na Aberdare, likapewa jina la vijiji vya hali ya hatari. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliingizwa humo.

Shosho alikuwa mmoja wao, bado msichana, huko Murang'a. Kwa Kikuyu waliviita gĩcagi. Alikuwa akisimulia huku anachambua maharagwe, macho hayainuki kwenye uteo. Mtaro ulichimbwa kuzunguka kijiji, wamechimba wenyewe wanawake, na ndani ya mtaro vijiti vilivyochongwa vikasimamishwa. Asubuhi filimbi inalia, mnatoka kwenda kuchimba barabara au kulima matuta. Jioni filimbi, mnarudi. Aliyechelewa alikuwa na lake. Kuni unaokota kwa saa uliyopewa. Mdogo wake wa mwisho alifia humo kwa kuhara, na shosho alilisema hilo mara moja tu, hakulirudia.

Simsingizii MacDonald gĩcagi. Mwaka ule alikuwa Singapore, na 1955 akahamia India kuwa balozi kwa Nehru, ambako mwaka 1956 ilimbidi abebe aibu ya Suez, Uingereza ilipoivamia Misri, mbele ya rafiki zake wa Kihindi. Ninachosema ni kwamba himaya ilikuwa nyumba moja. Chumba kimoja kilikuwa sebule ya tabasamu na chumba cha nyuma kilikuwa na filimbi, na waliokuwa wakiishi sebuleni waliijua sauti yake.

Baada ya India walimpeleka Geneva kuongoza, pamoja na Warusi, mkutano wa mataifa 14 juu ya Laos. Ulimalizika Julai 1962. Alikuwa anakaribia miaka 61, ana mkusanyo wake mkubwa wa vyombo vya kale vya Kichina, angeweza kupumzika. Ndipo London ikampigia simu kuhusu Kenya.

Hali aliyoikuta unaifahamu au uliisoma shuleni. Gavana aliyemtangulia, Sir Patrick Renison, alikuwa mwaka 1960 amemwita Jomo Kenyatta kiongozi wa kupeleka watu gizani na kwenye mauti. Maneno ya namna hiyo hayamezwi. Kenyatta alikuwa ametoka kizuizini 1961, vyama vya KANU na KADU vimo ndani ya serikali moja ya muungano vikivutana, Ngala wa KADU na Kenyatta wa KANU wakichungana, na katiba ya majimbo haiishi kuandikwa. Mpango wa London ulikuwa kwenda polepole. MacDonald alikaa wiki kadhaa, akasikiliza, akaona polepole ndiyo hatari yenyewe. Akaharakisha. Uchaguzi ukafanyika Mei, Kenyatta akaapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, siku ambayo tunaiita Madaraka, na uhuru ukawekwa Desemba.

Kikubwa zaidi ni kwamba alimsoma Kenyatta tofauti na mafaili yalivyomsoma. Wengi London walikuwa wakitafuta mtu mwingine, yeyote, hasa Tom Mboya, kijana wa KANU. MacDonald akawaambia huyu mzee ndiye mtu wenu. Na Kenyatta, ambaye Agosti 1963 alikwenda Nakuru kuwaambia masetla kwamba yaliyopita yasahauliwe, walime kwa amani, akamthibitisha. Wakawa marafiki kwelikweli. Baada ya uhuru Kenyatta hakumfukuza: akawa Gavana Jenerali mwaka mzima hadi Jamhuri, kisha balozi wa Uingereza hadi 1965. Mtu mmoja, nchi moja, kofia tatu. Januari 1964 askari walipoasi kambini Lanet, wiki ileile ya maasi ya Tanganyika na Uganda, ni wanajeshi wa Kiingereza walioitwa kuyazima. Mkoloni ametoka mlango wa mbele Desemba, Januari anaingia wa nyuma akiwa ameombwa.

Si wote waliosherehekea. Wasomali wa NFD, wilaya ya mpaka wa kaskazini, waliulizwa mwaka 1962 na tume wanataka nini, walio wengi wakasema wanataka kwenda Somalia, na Machi 1963 wakaambiwa watakuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi huohuo. Kabla Desemba haijaisha Kenya huru ilikuwa imetangaza hali ya hatari kule, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Pwani nako, ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar ulimalizwa kwa barua za Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, na waliokuwa wakiimba mwambao, yaani pwani ijitenge, wakabaki na wimbo wao. Mjomba wangu aliyeoa Lamu anaambiwa habari hii kila Idd.

Na kuna mafaili. Mwaka ule wa 1963, wakati gavana anatembea vijijini na kucheka na kila mtu, ofisi zake zilikuwa zinapanguliwa. Karatasi zilizopigwa mhuri wa herufi W hazikuruhusiwa kushikwa na ofisa yeyote asiyekuwa na asili ya Kizungu. Zingine zilichomwa, na amri ilikuwa majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Takriban mafaili 1,500 yakapakiwa ndege kwenda Uingereza, na serikali ya huko ikakaa nayo kimya karibu nusu karne. Yalitokea hadharani mwaka 2011, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37, kwa sababu wazee wachache wa Mau Mau walikuwa wamekwenda mahakamani London. Mwezi Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Waliofuata, zaidi ya 40,000, kesi yao ilitupwa mwaka 2018 kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno.

MacDonald hakuanzisha mpango ule. Ulikuwa sera ya himaya nzima tangu 1961. Ila ulifanyika chini ya paa lake. Aliyefunga duka ndiye aliyekuwa na funguo za stoo.

Alipoondoka hapa aliendelea kuzunguka Afrika kama mjumbe maalum hadi 1969, muda mwingi akituliza viongozi waliokasirishwa na Uingereza kumwachia Ian Smith na Wazungu wachache wa Rhodesia. Alikataa kuitwa Sir, akakataa kuitwa Lord. Alifariki Kent tarehe 11 Januari 1981. Singapore kuna jengo la matofali mekundu barabara ya Orchard linaloitwa MacDonald House, lilipewa jina lake. Machi 1965 wahujumu wa Indonesia walilitega bomu, watu watatu wakafa, na mwenye jina wakati huo yuko Nairobi akinywa chai. Durham wana vyombo vyake vya Kichina. Hapa Nairobi, mtu ukimtajia MacDonald anadhani umekosea kutamka McMillan, ile maktaba.

Babu na shosho walipata shamba lao mwaka 1964, kwenye skimu ya Kinangop. Ekari za setla zilinunuliwa kwa mkopo wa Uingereza na Benki ya Dunia, na aliyelipa ni aliyekalia. Ndiyo Ireland ile niliyoiacha njiani.

Miaka kumi na kidogo iliyopita, baada ya habari za malipo kutangazwa, jamaa mmoja alipita kijijini akiandikisha wazee kwa shilingi mia mbili kila mmoja. Hatukumwona tena. Shosho alienda, amevaa koti lake la kanisani. Jamaa akamuuliza ana karatasi gani ya kuonyesha alifungiwa gĩcagi. Akamjibu, "Mwanangu, sisi hatukuandikiwa barua. Tulihesabiwa kwa filimbi."

Lakini alikuwa amebeba karatasi. Alijua ofisini huendi mikono mitupu. Akatoa kwenye kopo la Kimbo kijitabu cha mkopo wa skimu, jalada limeliwa na mende, kila ukurasa una mihuri ya zambarau, tarehe na shilingi na senti. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemsindikiza. Jamaa akakipekua chote kwa heshima, ukurasa mmoja mmoja, hadi mhuri wa mwisho wa 1991, akasema hiki hakihusiki, akamrudishia.